Tusiulize Nani Kaushika Upanga

Wapo wazee wenzangu hapa pwani ambao wakisikia sinema ya karate ambayo stelingi wake ni mwanamke, husonya na kugeuza uso. Hoja yao ni moja tu: mwanamke na upanga, wapi na wapi? Mimi siiafiki hoja hiyo. Sinema hizi zina la kulaumiwa, tena kubwa, lakini si hilo.

Wasemao hivyo wamesahau vita vya Uhudi. Siku ile watu walipotawanyika, Nusayba binti Kaab alisimama na upanga wake kumkinga Mtume (S.A.W.), akatoka na majeraha mwilini. Vyuoni tulisomeshwa habari zake kwa fahari, wala hapana mwalimu aliyeona haya kuzitaja. Basi la kuuliza si nani kaushika upanga. La kuuliza ni kaushikia nini.

Tuzitie sinema zenyewe katika mizani hiyo. Mwaka 1966 kampuni ya Shaw Brothers ya Hong Kong ilitoa Come Drink with Me, iliyoongozwa na King Hu. Cheng Pei-pei, msichana aliyekuwa amesomea kucheza ballet, aliigiza binti wa liwali anayetumwa kumkomboa nduguye aliyetekwa na majambazi. Anapigana vikali, lakini anapigana kuokoa. Hilo halina mushkili.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1973 Wajapani walitoa Lady Snowblood, ambayo stelingi wake ni Meiko Kaji. Humo Yuki anazaliwa gerezani, na mamaye kamzaa kwa kusudi moja: akue awaue waliomdhulumu. Mtoto hakuulizwa. Anafunzwa upanga tangu utotoni, anawawinda watu wale mmoja mmoja, na mwishowe yeye naye anachomwa kisu na binti wa mmoja wa aliowaua. Sinema hiyo angalau ilisema kweli: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Quentin Tarantino wa Marekani aliichota hadithi hiyo alipotengeneza Kill Bill, iliyotoka mwaka 2003. Uma Thurman anamuua mwanamke mwenziwe jikoni mwake kwa kisu, na kumbe bintiye mdogo amesimama mlangoni anatazama. Muuaji anamwambia mtoto kwamba akikua na uchungu haujamtoka, na aje, atamngoja. Watu wengi walitoka wakisifu mapanga yalivyochezwa. Mimi nilibaki na yule mtoto mlangoni.

Hapa ndipo penye lawama. Katika dini yetu kisasi kina kadhi wake, kina mashahidi wake na mipaka yake. Si jambo la mtu kujichukulia, na mwenye kusamehe ndiye asifiwaye zaidi. Sinema za namna hii humfuta kadhi, huwafuta mashahidi, zikabakisha upanga na muziki. Kijana anayetazama usiku katika simu yake huondoka na somo kwamba mwenye uchungu ana ruhusa. Somo hilo ni baya kwa msichana, na ni baya vile vile kwa mvulana. Na huyo mvulana tumemwacha alisome miaka yote, wanaume wakiuana kwenye kioo, wala hatukusonya.

Sasa nitaje sinema ninayoipenda. Mwaka 2015 Hou Hsiao-hsien wa Taiwan alitoa The Assassin, akapewa tunzo ya mwongozaji bora huko Cannes. Hadithi yake ni ya China ya kale, karne ya 9, enzi ya Tang. Shu Qi ni Nie Yinniang, aliyelelewa na mtawa wa kike akafunzwa kuwaua wakuu waovu. Siku moja anamkuta aliyetumwa kumuua yuko na mwanawe mdogo, naye anauzuia mkono wake. Mtawa anakasirika, anamtuma akamuue binamu yake, mtawala wa Weibo, ambaye zamani alikuwa mchumba wake. Nafasi anaipata, ujuzi anao. Hamuui. Anamrudia mwalimu wake na kumpa sababu: wana wa mtawala wangali wadogo, na baba yao akifa nchi itachafuka.

Vijana wengi wataiona sinema hii nzito, maana mapigano yake ni machache na kimya chake ni kingi. Lakini mwanamke yule mwenye uwezo wa kuua na akajizuia, kwangu ni shujaa kuliko wote niliowataja hapa.

Basi wazazi wenzangu, tusiwanyang'anye watoto simu tukadhani tumelea. Tukae nao, tutazame nao, kisha tuwaulize: huyu kaua kwa ajili ya nani, na nani kabaki analia? Mtoto awezaye kulijibu swali hilo, awe wa kike au wa kiume, sinema haitamharibu.