Tairi Zee Halina Jina

Wana wengi wanaoota Altezza huanza na matairi mapana ya nyuma, kwa kuwa ndiyo yanayoisukuma. Sawa, ila upana una hesabu yake. RS200 za rimu ya inchi 17 huvaa 215/45: upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo. Ukipanda hadi 235, chukua 235/40. Ukiweka 235/45 tairi linakuwa refu, spidomita inasoma 100 kumbe unakimbia 103.

Halafu, kabla ya kubishania Bridgestone na Yokohama, soma tarakimu nne ubavuni: 2314 ni wiki ya 23, mwaka 2014. Mpira mkavu hivyo haushiki lami yenye maji, hata uwe na jina gani. Mimi nachagua jipya la jina dogo, maana humo ndani huwa tunapanda watano.