Ngamani Si Kitandani

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sijui methali iliyopendwa na wasafiri wa pwani yetu kuliko hii, na wala sijui iliyodhulumiwa kuliko hii. Majarida yetu ya fasihi, na hili tunalolisoma likiwamo, hupokea kila mara mashairi ya watu waliokaa ughaibuni wakarejea, au wanaotaraji kurejea. Mshairi ametoka Muscat, London au Toronto, amechoka, anautamani mji wake aliouacha ujanani, basi katika ubeti wa mwisho huitaja methali hiyo, akajilaza ngamani kama mtu aliyekifikia kitanda chake.

Ninawauliza washairi wenzangu swali moja: ngamani ni wapi? Muulizeni baharia yeyote wa Nungwi au wa Bagamoyo. Atawaambia kwamba ngama ni pale chini ya chombo ambapo maji yanayopenya kwenye mbao hukusanyika, na kwamba mtu hushuka huko kwa kazi moja tu, nayo ni kuyafua maji hayo, yaani kuyachota na kuyamwaga baharini kabla chombo hakijalemewa. Hapana godoro ngamani. Pana maji yanayonuka, na pana zamu. Basi mimi, katika maneno ya wahenga, siisikii ahadi ya mapumziko. Ninausikia wito wa kazi.

Hiyo ndiyo hoja yangu, na sina nyingine: kwamba ushairi wetu wa marejeo umegeuka kuwa ushairi wa kudai. Anayerejea hauulizi mji una haja gani naye. Anaudai ule aliouacha, vile vile ulivyokuwa, kama mtu aliyeweka amana kwa jirani.

Kabla sijarushiwa mawe, na niseme nilipo. Ninaandika haya nikiwa Msata, katika njia panda ya Mkoa wa Pwani. Mabasi yatokayo Arusha, Moshi na Tanga hufika hapa, na dereva hukata shauri: ama anyooke kwenda Chalinze, aingie Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, ama akate kushoto, ashike lami ya kilomita 64 ipitayo kwenye mananasi ya Kiwangwa na kuvuka Mto Ruvu hadi Bagamoyo, kisha ashuke na pwani. Njia zote mbili humfikisha mjini. Mimi nimekaa baina yake mwaka wa nane sasa, na sijafika.

Niliondoka Dar es Salaam mwaka 1993, nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa Magomeni. Nilikaa Uingereza miaka ishirini na mmoja, nikiosha vyombo kwanza, kisha nikipanga makasha ghalani. Sikusomea fasihi popote. Mashairi niliyoyafasiri niliyakuta katika maktaba za mitaa, ambazo hazimwulizi mtu cheti. Na katika miaka yote hiyo nilikuwa na mji mmoja tu moyoni. Niliyajua maduka ya Magomeni Mapipa kwa mpangilio wake, moja baada ya jingine, na nilipokosa usingizi nilikuwa nikiyahesabu.

Nilirejea mwaka 2014. Nikakaa kwa mdogo wangu wa kike, palepale Magomeni, katika nyumba aliyotuachia mama yetu. Miaka michache baadaye nikanunua kiwanja huku Msata, nikawaambia watu kwamba natafuta utulivu wa kuandika. Sikusema kweli. Nilikuwa nimekimbia. Mji niliourudia haukuwa ule niliokuwa nikiuhesabu usiku, nami nikaona nimeibiwa. Kwa hiyo ninapowalaumu washairi wa marejeo, mshitakiwa wa kwanza ni mimi.

Tuitazame dai yenyewe. Tunasema: mji umebadilika, si wetu tena. Lakini Dar es Salaam ulikuwa wa nani? Wasomaji wa visiwani mnajua kuliko mimi kwamba aliyeuanzisha ni mtu wa Unguja, Sultani Majid bin Said, aliyejenga kasri katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870 kazi haijaisha, na nduguye Barghash hakuushughulikia. Mji ukaachwa, majumba yakaanza kuporomoka, na watu wakaendelea kuishi humo bila kumngoja yeyote. Mwaka 1891 Wajerumani waliuhamishia makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Vita Vikuu vya Kwanza vikatuletea kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, na jina la kikosi chao, likisemwa kwa ulimi wetu, likawa Kariakoo. Wazaramo waliwakuta wavuvi. Wamanyema, Washihiri, Wangazija, Wahindi na Wanyamwezi wakaja baadaye. Hakuna kizazi hata kimoja kilichoukuta mji huo umekamilika, wala kilichouacha kama kilivyoukuta. Sensa ya mwaka 1988, ya mwisho kabla sijaondoka, ilihesabu watu wasiozidi milioni moja na laki nne. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu milioni nne wameongezeka, kwa kuzaliwa na kwa kuhamia, nasi tunataka wapishe kidogo ili tupate kuiona tena ile njia tuliyopita tukienda shule!

Tena lipo jambo zito kuliko idadi. Mashairi yetu huzungumza kana kwamba anayepoteza mji ni yule aliyeondoka tu. Wapangaji wa Magomeni Kota hawakupanda ndege yoyote. Walitakiwa wahame, nyumba zao zikabomolewa, wakatawanyika na kupanga huku na huko kwa miaka mingi, hata magorofa mapya yalipozinduliwa mwaka 2022, ndipo kaya 644 zikaandaliwa kurejea. Hayo nayo ni marejeo. Walitoka Magomeni wakarejea Magomeni, na katikati wamezikwa wazee na wameozwa mabinti. Nimesoma mashairi mengi ya kutoka Heathrow. La kutoka Kota sijalisoma.

Na katika mvua za Desemba 2011 Bonde la Msimbazi lilijaa. Pale Jangwani, mahali penye jina la ukame, maji yaliingia majumbani, watu walikufa, na wengi wa walionusurika wakahamishiwa Mabwepande. Kama Dar es Salaam ina ngama yake, ni bonde hilo, ambako maji ya mji mzima hushuka na kukusanyika. Siku zile mdogo wangu alikuwa akiwabeba watoto wa wifi yake mgongoni, kuwatoa Jangwani kuwapandisha Magomeni. Mimi nilikuwa Uingereza, na daftari langu ninalo hadi leo. Mwezi uo huo nilitunga shairi la beti kumi na mbili juu ya upepo wa bandari ya Dar es Salaam. Vina vimetimia, mizani imetimia. Hamna hata tone la maji ya Msimbazi ndani yake.

Niliporejea nikakaa naye barazani, jioni ya siku za mwanzo, nilisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa: "Mji huu umeharibika." Alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua uso. Akaniuliza, "Umeharibika tangu lini, kaka? Maana sisi tulikuwa tunaishi."

Sikuwa na jibu, na katika miaka hii yote sijalipata.

Najua nitakavyopingwa. Nitaambiwa: wewe uliondoka kwa hiari yako, kutafuta riziki; je, waliofukuzwa? Hoja hiyo ni ya haki, na katika jarida la kisiwani hakuna asiyeijua. Baada ya Januari 1964 wako walioondoka Unguja bila ya kuagwa, na wako waliokatazwa kurudi hata kuzika. Huzuni yao si dai. Ni deni wanalodaiwa wengine. Maneno yangu hayawahusu. Hata hivyo, tutazame kazi ya wakubwa katika hao. Abdulrazak Gurnah aliondoka Unguja akiwa kijana katika miaka ya 1960. Riwaya yake iitwayo Paradise ilitoka mwaka 1994. Mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Na mwaka 2022 riwaya hiyo ikatoka Dar es Salaam kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kitabu kilichukua miaka 28 kufika nyumbani, na hakikufika kwa kutamani. Kilifikishwa na mtu aliyekaa nacho sentensi kwa sentensi akitafuta neno. Naye Abdilatif Abdalla, alipotoka kifungoni Kenya mwaka 1972, alikwenda Dar es Salaam, mji usio wake, akashika kazi ya uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu. Hakuukuta mji ukimngoja. Aliukuta una kazi, akaifanya.

Nitaambiwa pia: tutaufaaje mji ambao sheria yake haitutaki? Ni kweli kwamba Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimkubalii mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na wengi waliochukua pasi za kigeni kwa ajili ya mkate wameupoteza uraia wao. Naona hilo ni neno la kujadiliwa, na nitasimama na wanaolalamika. Lakini sheria haikutuamuru tuandike mashairi ya uongo. Wala haikutuamuru tujenge tunavyojenga.

Hapo ndipo penye aibu yetu kubwa. Piteni siku moja katika barabara hii ya Bagamoyo hadi Msata. Mtaviona viwanja vya waliorejea na vya wanaotaraji kurejea: ukuta mrefu, nyaya juu ya ukuta, geti la chuma, mlinzi mmoja, na nyumba iliyofungwa madirisha mwaka mzima. Ardhi hiyo ilikuwa shamba la Mkwere au la Mdoe, aliyeiuza kwa bei ya siku ya shida. Mwenye nyumba yuko ng'ambo, na huko anatunga. Anatunga juu ya nini? Juu ya baraza! Analilia baraza ya babu yake, kahawa, bao, na salamu za wapita njia. Ndugu zangu, ni nani aliyewazuia kujenga baraza? Jiwe ni rahisi kuliko geti. Tumejenga nyumba ambayo mpita njia hawezi kuitolea salamu, kisha tukalalamika kwamba mji umeacha kuamkiana. Mimi mwenyewe nilijenga ukuta. Mwaka jana niliuvunja upande wa mbele, nikajenga baraza fupi ya saruji. Sasa wanakaa hapo vijana wa bodaboda wakingojea abiria, wanapiga kelele, wananikatiza nikifasiri. Sijawahi kusikia Kiswahili kingi kiasi hicho tangu nirejee.

Kwenu Unguja neno ng'ambo lina maana mbili. Ni nchi za mbali, na ni ule mtaa ulio upande wa pili wa Darajani, mwendo wa dakika chache kutoka Mji Mkongwe. Nimefikiri sana juu ya hilo. Mtu anaweza kukaa Leicester miaka ishirini akawa hajaenda ng'ambo, kwa kuwa kila mwezi anauliza maji yamefika wapi na anatuma anachoweza. Na mwingine anaweza kurejea, akapanga nyumba katikati ya Kariakoo, akawa bado yuko ng'ambo, kwa kuwa anautazama mji kama mpangaji aliyekiharibu chumba chake.

Basi sisemi tusiandike juu ya marejeo. Nasema tuandike tukiwa tumeshuka. Mshairi akirejea, na aandike juu ya mwendokasi unaosimama kwa sababu Jangwani kumejaa. Juu ya mama lishe aliyehamishwa mara tatu katika mwaka. Juu ya dada aliyebaki akauguza wazazi wetu wote wawili, nasi tukatuma pesa na kushukuriwa kuliko yeye. Na kama hayajui hayo, na aulize kabla ya kushika kalamu. Kuuliza ndiyo kata ya kwanza ya maji.

Mhariri wa jarida hili ninamwomba jambo moja. Akiletewa shairi la mji mpendwa unaomngoja mwanawe aliye mbali, amrudishie mwenyewe pamoja na swali la mdogo wangu. Hata likiwa na jina langu.

Kwa upande wangu, nyumba ya Magomeni ina chumba kimoja cha uani ambacho paa lake linavuja. Mdogo wangu amekuwa akiniambia habari ya chumba hicho tangu 2014, nami nimekuwa nikijibu kwamba nina kazi ya kumaliza. Juma lijalo nitapanda basi hapa njia panda, na sitajali limeshika njia ipi.