Nani Ana Usafiri?

Mkazi wa Dar es Salaam akiulizwa, "Una usafiri?", hatarajiwi kueleza namna atakavyofika aendako. Anaulizwa kama ana gari. Huenda mwenye kujibu "sina" ametoka Kimara kwa mwendokasi hadi Kivukoni, akavuka kwa pantoni mpaka Kigamboni, akamalizia kwa bajaji. Amesafiri kuliko aliyemuuliza, ila lugha imemhesabu kuwa hana usafiri.

Wapo watakaosema huo ni mzaha tu wa msamiati. Siafiki. Usafiri ni jina litokanalo na kitenzi kusafiri. Ni tendo la kwenda, si mali ya kumiliki. Tulipolikabidhi neno hilo kwa wenye magari, tuliwanyang'anya wengi jina la jambo wanalolifanya kila siku.

Ajabu ni kwamba hao wasio na magari ndio walioitajirisha lugha yetu ya barabarani. Daladala, yasemekana, limetokana na dala, jina la mtaani la shilingi tano iliyokuwa nauli. Matatu ya Kenya nayo yanasemwa kuitwa hivyo kwa sarafu tatu za senti kumi. Mwaka 2016 Dar es Salaam ilipopata mabasi yaendayo haraka, abiria waliona jina hilo refu, wakasema mwendokasi, na yakawa mwendokasi. Abiria wawili nyuma ya bodaboda ni mishikaki. Kupanda basi kwa kusukumana ni kugombania goli. Wenye magari, kwa upande wao, wametuongezea foleni.

Tulitazame pia neno kituo. Asili yake ni kutua: kuweka mzigo chini, kupumzika. Washairi huuita mstari wa mwisho wa ubeti kituo, kwani hapo ndipo maneno hutua. Kituo kisicho na kivuli wala benchi, ambapo mama mjamzito husimama juani huku mabasi yaliyojaa yakimpita, kimebeba jina kisilolistahili. Na mtoto mwenye sare anayezuiwa mlangoni kwa sababu nauli yake ni ndogo, akaitwa "denti" na kuachwa, anajifunza mapema kwamba mji una wenyewe.

Ni kweli kwamba neno halijengi kibanda cha abiria. Lakini huelekeza macho. Maadamu "shida ya usafiri" masikioni mwetu ni shida ya magari, tutazidi kupanua barabara na kusahau njia za waendao kwa miguu.

Basi tuseme gari tunapokusudia gari. Tangazo la kazi lisiandike "awe na usafiri wake" iwapo kazi yenyewe haihitaji gari. Liseme "aweze kufika kwa wakati". Na tunapomwalika mtu, tumuulize, "Utafikaje?" Swali hilo lina nafasi ya kila mtu, na jibu lake huenda likatufunza mengi kuhusu mji tunaoishi.