DAKTARI SI MANGI, AULIZWE

Wananchi wa Mwika si watu wa kudanganywa katika biashara. Mkulima apelekaye kahawa yake chamani husimama karibu na mizani mpaka mshale utulie, na karani akithubutu kumpunja kilo moja, kelele zake husikika mpaka barabara ya Rombo. Haya si mambo ya jana. Tangu KNCU ilipoundwa mwaka 1933, na hata kabla yake, watu wa mlima huu walikwisha kujifunza kwamba asiyetazama mizani hula hasara. Na mwaka 1960 walifanya kubwa zaidi. Walipiga kura, wakaamua cheo cha Mangi Mkuu kiondoke, akae rais aliyechaguliwa na watu.

Sasa twauliza: watu hao hao wakifika hospitali, ndimi zao huenda wapi?

Akipita mtu mwenye koti jeupe, wote husema "Shikamoo, daktari." Mwenye koti huketi, huandika, hutoa karatasi, na mgonjwa huondoka bila kujua ametibiwa na nani. Akiulizwa nyumbani, hujibu, "Ni daktari mmoja mrefu, mpole sana." Mrefu! Tangu lini urefu ukawa cheti?

Neno hili "daktari" limekuwa kama kanzu ya kuazima, kila mtu aivaa. Katika hospitali zetu yupo tabibu, aliyesoma chuo akapata stashahada. Yupo daktari msaidizi. Yupo daktari mwenye shahada, aliyesoma Chuo Kikuu miaka mitano na kufanya kazi mwaka mmoja chini ya wakubwa wake kabla ya kuachiwa peke yake. Yupo huyo huyo ambaye mwaka wake wa mazoezi bado haujakwisha. Yupo bingwa, aliyerudi tena chuoni miaka mitatu au zaidi kwa ajili ya mifupa, au macho, au wanawake, au watoto. Wote hao ni watu wa maana, na tabibu wa zahanati ameokoa maisha mengi kuliko wanavyojua wakubwa wa Dar es Salaam. Lakini si mtu mmoja! Anayetaka kupasuliwa ana haki ya kujua ni yupi kati yao ameshika kisu.

Zamani tulikuwa na udhuru. Nchi hii ilipojitawala mwaka 1961, madaktari wenyeji walikuwa 12 tu. Hata kama ungetaka kuchagua, ungemchagua nani? Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963. Hapa kwetu KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na chuo chake kikaanza kusomesha madaktari mwaka 1997. Bado hawatoshi, twajua. Lakini uhaba wa madaktari hauwezi kuwa sababu ya kuficha majina ya wale waliopo.

Na sheria haikukaa kimya. Lipo Baraza la Madaktari Tanganyika. (Msomaji asishangae kuona jina la Tanganyika bado li hai hapo, kwa kuwa Zanzibar wana baraza lao.) Baraza hilo husimamiwa na sheria ya mwaka 2017. Huandikisha madaktari, huwapa leseni yenye tarehe ya kwisha, na lina uwezo wa kumfuta mtu daftarini. Daftari lake limewekwa kwenye intaneti, na kijana yeyote wa sekondari mwenye simu aweza kumtafutia bibi yake jina la daktari humo. Lakini atatafuta jina gani, ikiwa bibi hakuambiwa jina? Ndiyo maana kila mwaka magazeti hutuletea habari ya mtu aliyekamatwa na koti jeupe na kipimo cha moyo shingoni, naye hakuukanyaga mlango wa chuo. Mtu huyo hahitaji werevu mwingi. Ametutazama, akaona hatuulizi.

Lakini lawama yetu kubwa si kwa mgonjwa. Ni kwa wakubwa wa hospitali wanaoyaweka mambo haya gizani, na hapo ndipo tufikapo kwenye kadi ya bima.

Mchukue mama wa Mwika ambaye goti limemvimba. Anaondoka alfajiri, anapanda gari mpaka Himo, anabadili gari kwenda Moshi. Amelipa nauli yake na ya binti anayemshika mkono. Kadi imefungwa kwenye pindo la khanga. Anapanga foleni ya faili, anapanga foleni ya pili, na saa nne karani wa dirishani, bila hata kuinua macho, anamwambia, "Hii hatupokei." Au anamwambia, "Bingwa wa mifupa huwapo Jumatatu." Na leo ni Jumatano. Je, habari hiyo ilikuwa siri? Karani aliijua tangu jana. Mganga Mkuu aliijua. Mlinzi wa lango labda aliijua pia! Asiyeijua ni mmoja tu, naye ndiye aliyelipa nauli.

Tena kadi zenyewe hazifanani. Wengi huziita zote "bima," kama vile ng'ombe wote wana maziwa sawa. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018, ilitozwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na matibabu yake yaliishia hospitali ya mkoa, ambayo kwetu ni Mawenzi. Kadi ya Mfuko wa Taifa ina njia yake, na ngazi zake za rufaa. Hata aliye na kadi kubwa asilale usingizi: tarehe 1 Machi 2024, kwa ugomvi wa bei za kitita kipya, baadhi ya hospitali za binafsi ziliacha kuwapokea wanachama wa Mfuko huo, watu waliokatwa mishahara yao mwezi hata mwezi. Bunge lilikwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023. Sheria ni njema. Lakini kadi kwa wote na dirisha la "hatupokei" haviwezi kukaa nyumba moja.

Wapo watakaosema, "Mtu anatokwa damu, nanyi mwataka aulize cheti?" Hasha! Aliyeanguka kutoka mparachichini apelekwe palipo karibu, maswali yatangoja. Sisi twasema juu ya goti, na presha, na jicho, na uvimbe wa muda mrefu, maradhi ambayo humpa mtu wiki nzima ya kuuliza. Wengine husema daktari ataudhika. Daktari gani huyo? Aliyekesha miaka mitano juu ya vitabu hafichi jina lake. Laghai ndiye humchafulia heshima yake, basi na afurahi akiulizwa.

Twataka jambo moja, wala si la fedha nyingi. Kila hospitali inayowahudumia watu wa mlimani, ya Serikali, ya dini au ya mtu binafsi, itundike ubao langoni: jina la kila daktari, cheo chake, namba yake ya Baraza, siku za kliniki yake, na chini yake kadi zinazopokelewa, na zisizopokelewa ziandikwe vilevile. Namba ya simu iandikwe hapo, na mtu wa kuipokea awepo, ili mama wa Mwika aulize angali nyumbani kwake.

Kamati za zahanati na bodi za hospitali zina wajumbe wanaokaa humo kwa jina la wananchi. Wengine twawajua, ni jirani zetu. Mkutano wa kijiji ujao, kabla ya habari ya barabara na ya mfereji, mjumbe wenu asimamishwe mbele ya watu na aulizwe ubao huo utatundikwa tarehe gani.