Kabla ya Kununua Kiwanja, Tuwatafute Wajuzi

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ile ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Tumeongezeka karibu laki sita katika miaka 10, na ardhi ni ile ile aliyotujaalia Allah Subhanahu wa Taala. Si ajabu basi kwamba kila mwenye akiba, na khasa ndugu zetu walioko Oman na Uingereza, anafikiria kununua kiwanja au kujenga nyumba ya kupangisha.

Fikra hiyo ni njema. Kodi ya nyumba ni pato la halali, na huweza kuilisha familia hata baada ya mwenyewe kufariki. Tatizo letu ni mahali tunapoanzia. Wengi wetu tunaanza na dalali na kumalizia kwa dalali. Udalali ni kazi ya halali, lakini dalali hulipwa pale mauzo yanapokamilika. Maslahi yake ni wewe ununue. Hawezi kuwa yeye huyo huyo mshauri wako.

Tuelewe kwanza tunanunua nini. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, iko chini ya dhamana ya Rais. Raia anamiliki haki ya kuitumia. Haki hiyo huhama kwa taratibu zake, ikiwemo kupitia Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Karatasi iliyoandikwa barazani na kusainiwa na mashahidi wawili ni ushahidi wa makubaliano, lakini haikupi hati. Na eka tatu tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zina masharti yake pekee, hivyo anayeuziwa kipande cha eka hizo asikimbilie kutoa pesa.

Kwa hiyo tunahitaji watu wanne, na kila mmoja ana suali lake. Sheha na majirani: nani anajulikana kuwa mwenye eneo, na je, kuna ugomvi? Mpima ardhi aliyesajiliwa: mipaka iliyopo chini inalingana na ramani? Mwanasheria: Kamisheni ya Ardhi ina kumbukumbu gani juu ya eneo hili, na muuzaji ana uwezo wa kuuza? Wa nne ni kadhi, na huyu ndiye tunayemsahau zaidi: kama mali ni ya marehemu, mirathi imeshagaiwa?

Suali hili la mwisho ndilo linalobomoa undugu. Kaka anauza shamba la baba, na dada zake walioolewa Pemba wanapata habari jengo limeshafika kwenye linta. Kisharia, hakuna anayeweza kuuza fungu la mwenziwe bila ya idhini yake, na kunyamaza kwa dada kwa kuona haya si idhini. Mtume (S.A.W.) ametuonya vikali juu ya kuchukua hata shubiri ya ardhi kwa dhulma. Mnunuzi aliyejua na akanyamaza naye ana hesabu yake.

Kwa fleti zinazouzwa kabla ya kujengwa, sura ya istisnaa inajulikana katika fiqhi, lakini inataka sifa, vipimo, bei na muda vibainishwe ili kuondoa gharari. Mkataba usomwe na mwanasheria wako wewe, asiwe wa mjenzi. Atazame pia kama kuchelewa kulipa kunaongeza deni, kwani hapo riba huingia.

Zaka nayo isisahauliwe. Kiwanja ulichonunua kwa nia ya kukiuza ni bidhaa ya biashara: kila mwaka hutolewa asilimia 2.5 ya thamani yake ya soko. Nyumba ya kupangisha haitolewi zaka yenyewe kwa kauli ya wanavyuoni wengi. Hutolewa katika kodi iliyobaki ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka.

Wapo wanaosema kumuita mwanasheria ni kumtilia mtu shaka. Tunawakumbusha kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana na kushuhudishana. Waliofundishwa hayo mwanzo ni Masahaba, watu walioaminiana kuliko sisi. Ada ya mpima na mwanasheria itolewe katika bajeti ya kiwanja tangu siku ya kwanza. Ikiwa haitoshi, basi na kiwanja hicho bado hatujakimudu.

Wallahu a'alam.