MGUU WA KUKU KIUNONI SIYO CHENI SHINGONI: MASTAA NA BASTOLA ZAO

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, alivunjiwa nyumba usiku wakati yeye yuko mkoani anapiga shoo. Wezi walibeba tivii, laptop na viatu vyake vyote vya maana. Mke na mtoto walijifungia chooni mpaka majirani walipopiga mayowe. Jamaa aliporudi mjini alisema neno moja tu: "Bastola."

Kwa hapo hakuna wa kumlaumu. Mwanaume ameona familia yake imelala chooni kwa hofu, unategemea aseme nini? Na kiukweli alifuata utaratibu. Alianzia serikali ya mtaa, akaenda polisi, akahojiwa, akasubiri mpaka akachoka. Maana silaha Bongo siyo simu, huingii tu dukani ukatoka nayo. Ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na sheria hiyo haiulizi una wafuasi wangapi Insta.

Leseni ikatoka, chuma kikanunuliwa: Glock 19. Kwa wasioijua, hii ni bastola ya saizi ya kati iliyotoka mwaka 1988, inameza risasi 15 kwenye magazini yake ya kawaida, na ikiwa tupu ina uzito wa kama gramu 600 hivi. Siyo kubwa ya kukusumbua kiunoni na siyo ndogo ya kukupotea mkononi, ndiyo maana walinzi na polisi wa nchi nyingi wanaitumia. Mpaka hapo staa yuko sawa kabisa.

Ishu ilianza alipofika nayo nyumbani.

KUUZA SURA

Wiki ya kwanza tu, picha mtandaoni. Chuma mezani, pembeni chupa na bunda la noti. Mashabiki wakajaza moto kwenye komenti, "baba lao", "usimguse". Sasa hebu fikiria. Mtu aliyeibiwa kwa sababu wezi walijua anacho na walijua hayupo, ameamua kuwatangazia wezi walewale kwamba sasa anacho kitu cha thamani zaidi. Mwizi wa Dar haogopi picha. Mwizi wa Dar anasoma ratiba ya shoo.

Wiki ya pili, bastola inatembea kiunoni ndani ya jinzi, bila mfuko wake. Hapa ndipo watu wengi hawaelewi. Glock haina kile kitufe cha pembeni cha kufunga kama bastola nyingine. Usalama wake mmoja uko kwenye triga yenyewe, na mingine iko ndani na inajiachia yenyewe triga ikivutwa. Maana yake kitu chochote kikiingia pale na kuivuta, iwe kidole, kamba ya suruali au pindo la shati, inalia. Ndiyo sababu inatakiwa ikae kwenye mfuko mgumu unaofunika triga yote.

Anayeona hizi ni stori za kutishana atazame Marekani. Mwaka 2008 mchezaji mmoja mkubwa wa mpira wa Kimarekani, mwaka uleule aliodaka mpira wa ubingwa, aliingia klabu ya usiku New York na Glock kiunoni kwenye suruali ya mazoezi. Ikateleza, akajipiga mwenyewe risasi ya paja. Kibali cha kule hakuwa nacho, akahukumiwa miaka 2 jela. Mwaka 2018 naye askari wa FBI, mtu aliyesomea kabisa hayo mambo, alikuwa anacheza muziki baa moja huko Denver. Akapiga sarakasi, bastola ikadondoka, akakimbilia kuiokota, ikafyatuka na kumpata mtu mguuni. Kama askari wa FBI imemtoroka, msanii aliyelewa je?

CHUMA NACHO KINATAKA SEVISI

Gari la staa huyu linaoshwa kila siku na kumwagwa oili kwa wakati. Bastola? Tangu inunuliwe haijafunguliwa hata mara moja. Alienda nayo bichi, akaenda nayo jimu, akalala nayo. Mtu wake wa karibu anasema siku alipoipeleka kwenye uwanja wa shabaha, risasi ya tatu ilikwama. Fundi alipoifungua akakuta mchanga, manyoya ya nguo na mafuta mengi kama ya cherehani yaliyoganda na vumbi.

Watu wanadhani mafuta yakiwa mengi ndiyo utunzaji. Siyo. Glock inataka matone machache tu sehemu chuma kinaposuguana na chuma. Ukizidisha unatengeneza gundi ya kukamata uchafu. Mwili wake wa chini ni plastiki ngumu, huo hauogopi kutu, ila mtutu, springi na pini ni chuma, na jasho na hewa ya chumvi ya pwani havina urafiki na chuma.

Kusafisha kwenyewe siyo kazi ngumu, ni kazi ya utulivu. Magazini inatoka kwanza. Kisha chuma cha juu kinavutwa nyuma, chemba inaangaliwa kwa macho na kupapaswa kwa kidole, halafu inaangaliwa tena. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu Glock ili ifunguke lazima triga ivutwe kwanza. Wapo waliojipasua viganja kwa kutoa magazini na kusahau risasi moja iliyobaki chemba.

Na zile risasi pia zina maisha yake. Wanaopenda kuingiza na kutoa risasi ileile kila asubuhi na jioni wajue kichwa chake kinasukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo, na siku ikipigwa presha inapanda kuliko kawaida. Magazini nazo zinachoka na kuchafuka. Silaha ya kuaminika ni ile iliyopigwa shabaha, ikafunguliwa, ikasafishwa, na mwenyewe akajua inavyofanya kazi.

MAMA WA KARIAKOO

Tofauti na staa, kuna mama mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo. Anashika pesa nyingi kuliko wasanii kumi. Ana bastola ya aina hiyohiyo kwa miaka, na wapangaji wenzake wa fremu hawajui mpaka leo. Haipostiwi. Ikiwa nje iko mwilini mwake ndani ya mfuko wake, na siyo kwenye mkoba wa kuachwa kaunta. Ikiwa nyumbani iko kwenye sefu, na namba ya sefu anaijua yeye tu. Kila akitoka shabaha anaisafisha, na hata asipokwenda anaifungua kila mwezi. Siku akiwa na sherehe ya kunywa, chuma kinabaki ndani.

Huyo ndiye mmiliki. Huyu mwingine ni mtu aliyenunua cheni inayoua.

Na kama kuna anayeona maneno haya ni makali, basi asikie kilichotokea mwezi uliofuata. Staa alirudi alfajiri kutoka klabu, akajitupa kwenye kochi, akalala. Asubuhi akaingia bafuni. Dada wa kazi anakuja kufagia sebule anamkuta mtoto wa miaka minne, yuleyule aliyejificha chooni usiku wa wezi, amekaa kwenye kochi na kitu cheusi mapajani, anakigeuza geuza kama toi. Risasi ilikuwa chemba. Yule dada hakupiga kelele. Alichukua pipi, akamwita mtoto jina lake taratibu, akabadilishana naye. Mchana wake akafunga begi akarudi kwao, na mshahara wa mwezi hakuudai.

Ile bastola ilinunuliwa kwa ajili ya mtoto yule. Wezi walibeba tivii na viatu, basi. Aliyekaribia kubeba kikubwa ni baba mwenyewe.

Kwa hiyo mastaa wetu wajiulize mapema. Kama huna muda wa kuifungua na kuisafisha, huna sefu, na huwezi kukaa nayo bila kuipiga picha, basi ajiri mlinzi, funga geti zuri, fuga mbwa. Hakuna aibu. Kibali cha polisi kinasema unaruhusiwa kuwa nayo. Kama unaiweza, hilo nyumba yako ndiyo itakayosema.

Wadau, mnalionaje hili? Staa anastahili kubaki na chuma chake au akirudishe? Dondosheni maoni hapo chini, matusi hapana.