JKIA: Adani Alikwenda Zake, Abiria Je?



Nina jambo limenikaa rohoni na leo nalitoa. Naandika kutoka Highview, mtaa wa kusini-mashariki mwa Louisville, Kentucky. Atakayeudhika na audhike, ila naomba asome mpaka mwisho kabla ya kunitukana.

Mnaukumbuka mwaka 2024? Mwezi wa Julai kijana wetu Nelson Amenya, aliyekuwa akisoma Ufaransa, alianika hadharani mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30, mradi wa dola bilioni 1.85. Tarehe 9 Septemba Mahakama Kuu ikausimamisha. Tarehe 11 wafanyakazi wa uwanja wakagoma, abiria wakakwama nje na mizigo yao. Tarehe 21 Novemba Rais Ruto akasimama Bungeni akaufuta, siku moja tu baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kutangaza mashtaka ya ulaghai yanayohusu madai ya hongo dhidi ya Gautam Adani, mashtaka ambayo kampuni yake iliyakana. Wabunge wakapiga makofi na vifijo. Huku kwetu simu zililia mpaka usiku. Nami nilishangilia, sikatai.

Swali langu ni hili: tulishangilia kwa niaba ya nani? Kama ni kwa niaba ya mwananchi, basi kazi tuliifanya nusu. Tuliufuta mkataba, tukaenda kulala. Abiria tulimwacha palepale tulipomkuta.

Tusisahau tulikotoka. Jengo kuu la abiria pale JKIA lilifunguliwa mwaka 1978, likikusudiwa abiria milioni 2.5 kwa mwaka. Kufikia 2024 uwanja ulikuwa unapitisha zaidi ya milioni 8. Alfajiri ya tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa kuwasili wa safari za kimataifa, na wageni wetu wakapokelewa chini ya hema. Ukajengwa ukumbi wa muda. Ninyi mnajua maana ya "muda" katika serikali yetu: miaka kumi baadaye ukumbi ule ulikuwa ungali unatumika.

Desemba 2013 Rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi wa jengo jipya lililoitwa Greenfield. Tuliambiwa litabeba abiria milioni 20 kwa mwaka, litakuwa kubwa kuliko yote Afrika. Mwaka 2016 mkataba ukavunjwa, na kandarasi alikuwa amekwisha kulipwa malipo ya awali ya takriban shilingi bilioni 4.2. Jengo halikusimama.

Halafu Agosti 2023 umeme ukakatika nchi nzima na JKIA ikaingia giza, jenereta zikashindwa kazi. Waziri wa uchukuzi wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi, na mkurugenzi wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege akaondolewa. Mwaka 2024 zikaenea video za paa likivuja mvua ndani ya ukumbi.

Hebu yatazameni mambo haya kwa pamoja. Paa, jenereta, hema. Kuna hata moja hapo linalohitaji dola bilioni 1.85? Kuna hata moja linalohitaji mkataba wa miaka 30? Kuziba paa ni kazi ya fundi. Kuijaribu jenereta ni kazi ya mtu mmoja mwenye daftari na bosi atakayemuuliza. Hii ndiyo hoja yangu, nayo ni fupi: wakubwa wetu wanapenda uwanja mpya kwa sababu una tenda. Matengenezo hayana sherehe wala utepe wa kukata, na kilo chake kwenye mizani ya siasa ni kidogo. Nasi wananchi tumeingia mtego uleule. Tunagombana juu ya nani ajenge na nani amiliki. Hatuulizi mama aliyeshuka na ndege ya alfajiri amesimama foleni kwa muda gani.

Nimesema mama, basi niwaambie habari ya mama yangu. Alikuja kunitembelea huku. Hajawahi kusafiri peke yake, magoti yanamsumbua, Kiingereza chake ni cha salamu. Niliomba kiti cha magurudumu nilipokata tiketi, nikaambiwa kimeandikwa. Kwenye uwanja mmoja wa kuunganisha safari, si wa Kenya na sitautaja, kiti hakikuja. Alikaa kwenye benchi karibu saa sita, hakunywa maji wala hakwenda msalani, akihofia akiinuka ndege itamwacha. Matangazo yalipigwa kwa lugha asizozijua. Alipofika nikamkumbatia, nikamuuliza kwa nini hakumwita mtu yeyote. Akanijibu, "Mwanangu, nilidhani mimi ndiye niliyekosea."

Neno hilo sijalisahau. Mtu amelipa tiketi yake kamili, amevaa kanga yake mpya, halafu anaona makosa ni yake.

Sasa mfikirieni aliye mnyonge zaidi ya mama yangu. Mimi nina pasipoti yangu, nina simu, najua kupaza sauti. Lakini wale mabinti wanaoondoka usiku kwenda kazi za ndani Riyadh na Jeddah, kila mmoja na bahasha yake mkononi, wengine ni mara ya kwanza kuuona uwanja wa ndege, wao wanamlalamikia nani? Wakielekezwa vibaya wanatii. Wakidaiwa kitu wanatoa. Wakirudi na masanduku yao ya miaka miwili, mtu akiwaambia fungueni, wanafungua huku wanatetemeka. Uwanja wa ndege upimwe kwa jinsi unavyomtendea binti huyo. Wenye ukumbi wao wa mapumziko na chai ya bure hawatatuonyesha chochote.

Najua kuna watakaosema, "Huyu ameishi Marekani ameanza kuringa." Ndugu yangu, Marekani si pepo. Mwaka 2025, serikali ya huku ilipofungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba, wakaguzi wa usalama viwanjani walifanya kazi bila mshahara, na foleni tuliziona. Isitoshe, huku Louisville tuna uwanja uliopewa jina la Muhammad Ali mwaka 2019, lakini ukitaka kwenda Nairobi lazima kwanza ukabadilishe ndege miji mingine. Sisifu mtu.

Ila kuna jambo moja nililojifunza katika mji huu. Hapa ndipo ilipo Worldport, kituo kikuu cha ndege za mizigo za UPS. Wahamiaji wengi wa mji huu wamepitia zamu ya usiku pale, nami ni mmoja wao. Mitambo yake inaweza kuchambua vifurushi zaidi ya 400,000 kwa saa moja. Kila kifurushi kina namba. Kila kinapopita, mashine inakisoma, na mwenyewe anaangalia kwenye simu anajua kimefika wapi. Kikichelewa kuna mtu anayeulizwa. Nilikuwa nikibeba maboksi saa nane za usiku nikijisemea: pea ya viatu inayokwenda Ohio inafuatiliwa kuliko mzee wa watu anayetoka Kisumu kwenda kumwona mjukuu. Viatu vinafuatiliwa kwa sababu kuna mtu anayepima. Kisichopimwa hakina mwenyewe.

Wengine watasema tusubiri jengo jipya. Tulisubiri Greenfield. Tukaambiwa tusubiri Adani. Na hata likija jengo la kioo kitupu, ukiingiza humo afisa yuleyule, foleni ileile na jenereta ileile isiyojaribiwa, umebadilisha rangi ya ukuta tu.

Kwa hiyo nadai haya, na nawaomba wabunge wetu wayabebe:

1. Muda upimwe na utangazwe. Kila mwezi Mamlaka ya Viwanja vya Ndege itoe hesabu: abiria alichukua dakika ngapi kutoka mlango wa ndege hadi kutoka nje, na sanduku la kwanza na la mwisho yalifika saa ngapi. Hesabu hizo zibandikwe ukutani tuzisome.

2. Madirisha ya uhamiaji yafunguliwe kulingana na ratiba ya ndege. Ndege haianguki kama embe. Inajulikana tangu jana kwamba itatua saa ngapi na imebeba watu wangapi.

3. Sheria ya forodha iandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na Kiingereza, kabla abiria hajafika mezani. Novemba 2023 KRA ilipotukumbusha kwamba vitu vya zaidi ya dola 500 vilitozwa ushuru wakati huo, nchi nzima ilishtuka, na sheria ilikuwapo siku zote. Sheria inayojulikana na afisa peke yake ni mtaji wa kitu kidogo. Kila shilingi itolewe risiti.

4. Matangazo na maelekezo yote yawe kwa Kiswahili pia. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Pawe na wahudumu wanaotambulika kwa mavazi, wenye viti vya magurudumu, wa kuwashika mkono wazee na wanaosafiri mara ya kwanza.

5. Jenereta zijaribiwe kila mwezi, paa likaguliwe kabla ya masika, vyoo viwe na maji. Jina la anayehusika liandikwe hapohapo, pamoja na namba ya simu inayopokelewa.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mwekezaji kutoka ng'ambo. Yanahitaji mtu wa kuyafanya na mtu wa kumuuliza. Na pesa tumeshatoa. Ada ya huduma ya abiria imo ndani ya tiketi kabla hujapanda ndege. Mwaka 2024 sisi wa ughaibuni tulituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 kwa hesabu za Benki Kuu, zaidi kuliko chai inavyoiletea nchi. Hatuombi zulia jekundu.

La mwisho linatuhusu sisi wenyewe, na ni chungu. Ni nani anayemfundisha afisa kunyoosha mkono? Ni mimi na wewe tunaofika tumechoka, masanduku manne, tukakunja noti ya dola ishirini ndani ya pasipoti ili tupite haraka. Tukishapita tunacheka, "Kenya ni yetu." Lakini nyuma yetu kwenye foleni yupo yule binti wa Jeddah, naye sasa ataambiwa bei ni hiyohiyo. Mimi nimewahi kutoa. Naona haya kuandika, lakini nikificha nitakuwa mnafiki. Sitatoa tena, hata nikilala pale uwanjani.

Amenya alituonyesha kwamba mtu mmoja aliye mbali, mwenye karatasi na ujasiri, anaweza kuitikisa serikali. Sasa kazi ni ndogo kuliko ile, na inachosha zaidi: kuuliza habari za paa kila masika, kuuliza habari za jenereta kila mwezi, kuuliza foleni ilikuwa ndefu kiasi gani jana. Kazi hiyo haina makofi ya Bungeni. Lakini mama akishuka mle ndani akapata kiti, akapata maji, akasikia lugha yake, hatasema tena kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Nimesema yangu. Mwenye hoja aje na hoja, mwenye matusi ayaweke akiba.